Mashine za Yasmini: Jiwe Lililobebwa kwa Machela

Nyie mliomwacha Yasmini kwenye tope la Heru Juu, macho kwenye mashine na roho mkononi, mtamkuta palepale. Hajasogea hata unyayo.

Mashine ya Kibondo ililia mara moja. Leonidasi, mpima ardhi aliyeileta, akasoma namba kwenye kioo. Akakifuta kioo kwa mkono wa shati. Akasoma tena.

"Sema, bwana mpima," hakimu alimhimiza. "Mahakama haikupanda mlima huu kuangalia mihogo."

Leonidasi alionyesha ukuta kwa kidole. "Mheshimiwa, mashine inasema pembe ya darasa hili iko barabarani."

Umati ulipiga ukelele. Mtu mmoja akacheka, kisha wakacheka wote, kile kicheko cha watu waliochoka kulia.

Kwa wewe uliyelikuta gazeti hili kwenye kiti cha kinyozi, nitakueleza kwa kifupi. Yasmini binti Abdalah ana duka la vifaa mjini Kasulu. Aliiuzia halmashauri mashine za kupimia ardhi, zile ambazo zikikosea kwa upana wa kidole mpima huomba radhi. Mashine zikapelekwa Heru Juu kuchora mstari wa barabara mpya. Mstari ukapita darasani, ukapita majikoni kwa watu, ukapita katikati ya shamba la ndugu wawili ambao mpaka leo hawasalimiani. Yasmini akashitakiwa kwa kuiuzia serikali mashine mbovu na kuisababishia hasara. Kosa hilo lina kifungo, na yeye ana mtoto mchanga, Siti, ambaye hajaachishwa ziwa.

Ni Yasmini mwenyewe aliyeomba mashine ya Kibondo iletwe. Ilinunuliwa kwa mtu mwingine na ilikuwa imepima nusu ya wilaya bila malalamiko. Aliamini ikisema tofauti na zake, mahakama itaona kumbe zake ziliharibiwa baada ya kuuzwa. Badala yake ikasema yaleyale.

Wakili wa serikali, dada mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, alitabasamu. "Mheshimiwa, tunaushukuru utetezi. Tulikuwa na mashine mbovu. Sasa wametuletea na ndugu yake."

"Kesho asubuhi, Kasulu," hakimu alisema akipanda gari. "Utetezi umalize ulichonacho. Baada ya hapo nitatoa hukumu yangu."

Magari yakashuka mlima. Yasmini alibaki na wakili wake, Niyibizi, kijana wa Kakonko aliyekuwa ameacha kuongea tangu mashine ilipolia.

"Sema kitu, wakili," Yasmini alimwambia.

"Dada Yasmini, nitaomba hakimu akuhurumie kwa sababu ya mtoto."

"Mimi sitaki huruma. Sijamdhulumu mtu."

"Mashine ya Kibondo imesema..."

"Nimesikia ilichosema!"

Yasmini aligeuka asimwonyeshe machozi. Na kwa kuwa aligeuka, aliuona mstari wote, kutoka darasani mpaka bondeni. Alama nyekundu kwenye ukuta wa darasa. Alama nyekundu kwenye jiko la mjane. Alama kwenye mgomba, kwenye choo, kwenye nguzo ya umeme. Zote zilikuwa zimeiacha barabara ya zamani upande mmoja, upande wa jua linakochomoza, na zote zilikuwa zimeiacha kwa nafasi ileile.

Akaacha kulia.

"Leonidasi! Njoo hapa kaka yangu. Mashine mbovu hukosea vipi?"

Leonidasi alikuwa anafunga miguu ya mashine yake kwa hasira. "Hukosea hovyo tu. Leo huku, kesho kule."

"Kama mlevi?"

"Kama mlevi, ndiyo."

"Sasa angalia hizi alama. Huyu ni mlevi gani anayeyumba upande mmoja tu, hatua zilezile, kijiji kizima?"

Leonidasi akaangalia. Akaushusha mzigo wake taratibu.

"Na mashine mbili," Yasmini aliendelea, "moja yangu, moja ya mtu mwingine, zimekaa wilaya mbili tofauti. Zimekutana wapi zikapanga uongo mmoja?"

"Hazikukutana," Leonidasi alisema kwa sauti ndogo. "Ila zote zimesimama juu ya bikoni mama."

Bikoni mama ni jiwe la zege lililosimikwa na wapima wa serikali zamani, kabla hata Yasmini hajazaliwa. Mahali lilipo panajulikana kwenye ramani za nchi. Mpima yeyote akija Heru Juu huweka mashine juu ya jiwe hilo, huiambia "uko hapa," na mashine huhesabu mengine yote kuanzia hapo. Ukiidanganya mashine hapo mwanzo, itakudanganya mpaka mwisho, tena kwa uaminifu mkubwa.

"Lazima kuwe na jiwe la pili la kuhakikishia," Niyibizi alisema.

"Lilikuwepo. Lilibebwa na greda wakati wa kuweka lami. Limebaki hili tu, na hili lina shahidi. Yule mzee wa kanisa aliapa mahakamani kwamba halijaguswa."

Kweli aliapa. Mzee Ndayikeza, shahidi wa serikali, mwenye mvi zinazomfanya hakimu amwite "mzee wangu." Alishika Biblia akasema jiwe lile liko palepale tangu baba yake Ntirampeba alipofika kutoka Burundi na mkeka kichwani.

"Twendeni kwenye jiwe," Yasmini alisema.

Jiwe lilikuwa uani kwa Vestina, yule mjane wa jiko lenye alama nyekundu, tena shemeji yake Mzee Ndayikeza. Walimkuta anachambua maharage. Alipomwona Yasmini, aliinuka na ungo wake.

"Shikamoo mama," Yasmini alisema.

"Shikamoo ya nini? Umekuja kuniuzia mashine na mimi? Jiko langu linavunjwa, ninapika wapi? Kichwani kwako?"

"Mama, tuna swali moja tu."

"Muulize huyo aliyepaka rangi ukuta wangu!"

Lakini adabu ya kule juu hairuhusu mgeni kusimama. Huku akiendelea kufoka, Vestina aliingia ndani akatoka na viti, akawapangusia vumbi kwa upande wa kitenge. Akawakaribisha kwa hasira, nao wakakaa kwa woga.

Yasmini hakuangalia jiwe moja kwa moja. Aliangalia makaburi mawili yaliyokuwa kando yake. La Mzee Ntirampeba lilikuwa la zamani, limeota ukungu. La pili lilikuwa jipya, limesakafiwa vizuri kwa saruji, na msalaba umeandikwa Fidele, mume wa Vestina. Kisha likafuata jiwe la serikali. Zege lake juu lilikuwa jeusi la uzee, ila chini, linapoingia ardhini, limekumbatiwa na saruji nyeupe. Saruji ileile ya kaburi.

Yasmini alikisogeza kiti chake.

"Mama, jiwe hili liko hapa siku nyingi?"

"Siku nyingi sana. Tangu tumzike Fidele."

Vestina mwenyewe hakusikia alichosema. Niyibizi alisikia, akataka kuinuka. Yasmini akamkanyaga mguu.

"Na kabla ya kumzika, lilikuwa wapi?"

"Si hapo alipolala?" Vestina alionyesha kaburi kwa kidevu. "Mwana mkubwa analala kuume kwa baba yake, ndivyo tulivyo sisi. Na kuumeni kwa mzee kulikuwa na jiwe. Sasa tungefanya nini? Tumlaze Fidele kichakani?"

"Mkaling'oa."

"Hatukung'oa!" Vestina alikasirika kweli. "Wewe unatuona washenzi? Kitu cha serikali unaking'oa? Tulilichimbua kwa heshima. Tukalilaza kwenye ingobyi, ile machela ya kubebea wagonjwa, wanaume wanne wakalibeba kama mama mjamzito. Shemeji Ndayikeza akaliombea. Tukalisimika tena hapo pembeni, tukaliwekea saruji nzuri kuliko ile ya kwanza. Serikali ilikuwa inakaa kwenye tope, sisi tumeipa sakafu!"

Msomaji, Yasmini alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko hicho akaanza kulia. Kijiji kizima kilikuwa kimesogea kwa nafasi ya kaburi moja. Darasa, majiko, mashamba, yote yalihama siku ile wanaume wanne walipobeba jiwe kwa machela, nalo likaombewa dua lisije likaumia.

"Anacheka nini huyu?" Vestina aliuliza.

Niyibizi alimweleza polepole. Alivyoeleza, uso wa mama yule ulibadilika. Aligeuka akaangalia jiwe, akaangalia ukuta wa jiko lake wenye alama nyekundu.

"Kwa hiyo jiko langu..."

"Jiko lako liko sawa, mama. Jiwe ndilo limehama."

"Yoo! Mana yanje! Mungu wangu!" Vestina alikaa chini kwenye maharage yake. "Nimejivunjia mwenyewe. Na wewe mwanangu nimekutukana sokoni, nimekutukana kanisani, nimewaambia watu wasinunue hata msumari kwako."

"Yameisha hayo, mama. Kesho uje Kasulu umwambie hakimu haya uliyoniambia. Basi."

"Nitakuja. Kwa nini nisije?"

Yasmini alimshika mikono yake iliyojaa vumbi la maharage. Kwa mara ya kwanza tangu polisi waje dukani, aliona mwanga. Lakini Leonidasi, aliyekuwa amechuchumaa kando ya jiwe, aliharibu.

"Maneno matupu hayatoshi," alisema. "Wakili wa serikali atasema mama amehongwa. Ila chini ya kila bikoni mama huzikwa chuma, mbali kidogo ardhini, ili jiwe likipotea mahali pake pasipotee. Mama, mlipochimba kaburi mlikiona chuma?"

"Kilikuwepo. Kiligoma kutoka. Wachimbaji wakakiacha ubavuni kwa shimo, sanduku likapita pembeni yake."

"Basi kesi imekwisha!" Niyibizi alipiga makofi. "Tunaomba amri, kaburi linafunguliwa, sanduku linainuliwa kidogo, chuma hicho hapo!"

Vestina aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Yasmini.

"Kaburi hamgusi," alisema.

"Mama, ni kwa muda mfupi tu. Na padre ataitwa, au mchungaji, yeyote unayemtaka."

"Nimesema kaburi hamgusi!"

"Na mimi nasema tokeni."

Sauti hiyo ilitoka kwenye migomba. Mzee Ndayikeza alikuwa amesimama na fimbo yake, na haikujulikana amesimama kwa muda gani. Vestina alitaka kusema kitu.

"Hora!" mzee alimkaripia. "Nyamaza! Kesi ya wenye maduka, wewe inakuhusu nini? Juzi tu tumepewa uraia. Leo unataka kwenda mahakamani kusema sisi ndio tuliochimbua jiwe la nchi? Watatuuliza tulitoka wapi, na kama njia ya kurudi huko tunaijua."

"Mzee, uliapa uongo," Yasmini alimwambia.

"Wewe una duka, binti. Sisi tuna mfu wetu. Kila mtu alinde chake."

Waliondoka. Niyibizi aliwasha pikipiki mara tatu ndipo ikakubali.

Jioni ile, Kasulu, Yasmini alimkuta baba yake amempakata Siti mapajani, anamlisha uji ambao zaidi ya nusu uliishia kwenye kanzu. Mzee Abdalah alikuwa mtu wa utani, lakini kesi hii ilikuwa imemkausha. Yasmini alimweleza yote, jiwe, machela, chuma, kaburi. Alitegemea baba yake, mtu wa swala tano, atamwambia wafu waachwe walale.

"Fukua," Mzee Abdalah alisema.

"Baba! Kaburi la watu?"

"Mfu haendi jela. Wewe unakwenda. Fidele mimi sikumzaa."

"Mama yule amesema hataki. Macho yake, baba... Kuna kitu."

"Na macho ya huyu?" Alimgeuza Siti amwangalie mama yake. Mtoto alikuwa na uji mpaka kwenye nyusi, na alipomwona mama yake alinyoosha mikono yote miwili. "Akilia usiku nimwambie mama yako kafungwa kwa sababu ana huruma na majeneza?"

Yasmini alimchukua mwanawe akampa ziwa. Alichukia kwamba baba yake alisema kweli, akachukia zaidi kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshaamua kabla hajaulizwa.

Asubuhi mahakama ilijaa. Heru Juu ilishuka mlima kwa bodaboda, wengine kwa miguu, na wale ndugu wawili wasiosalimiana walikaa kila mmoja mwisho wa benchi lake. Vestina alikuwa nyuma kabisa, amejifunika kitenge. Mzee Ndayikeza alikaa mbele, wima.

Niyibizi aliomba shahidi huyo arudishwe kizimbani. Wakili wa serikali alipinga, lakini hakimu akamruhusu Niyibizi.

"Mzee wangu," Niyibizi alianza, "bado unasema jiwe lile halijaguswa?"

"Halijaguswa."

"Saruji mpya chini yake ni ya nini?"

"Mvua ilikuwa inalimomonyoa. Tulilitengeneza tu."

"Mlilitengeneza. Hamkulihamisha."

"Hatukulihamisha."

"Kwa hiyo tukichimba chini ya jiwe, tutakikuta chuma cha wapima. Na tukichimba kaburi la marehemu ndugu yako, hatutakikuta. Sivyo, mzee?"

 Watu wakaanza kunong'ona. Mkono wa Mzee Ndayikeza ulitafuta fimbo, na fimbo ilikuwa imebaki kwenye benchi.

"Mheshimiwa!" wakili wa serikali aliinuka. "Utetezi umeshindwa kwenye mashine, sasa unakimbilia makaburini. Hii ni kumdhalilisha marehemu."

"Mheshimiwa," Niyibizi alijibu, "chini ya jiwe hilo tukichimba leo hakuna wa kudhalilika. Naomba tuanze hapo. Kama hakuna chuma, ndipo tuombe kaburi."

Hakimu alikuna kidevu. Alimwangalia mzee kwa muda, na safari hii hakumwita mzee wangu.

"Mahakama itarudi Heru Juu leo hii," alisema. "Jiwe lichimbwe. Kama chuma hakipo, nitasikiliza ombi la kufungua kaburi, mbele ya daktari na polisi. Na nitamuuliza mshitakiwa mwenyewe, si wakili wake, kama analitaka. Jambo la kaburi si la mtu wa kutumwa. Tupumzike kwanza."

Watu walitoka nje kwa kelele. Niyibizi alimpongeza Yasmini kama vile hukumu imeshasomwa. Kila mtu alijua jibu. Chuma hakikuwa chini ya jiwe. Kilikuwa kaburini, na kikionekana, Yasmini yuko huru.

Alikwenda nyuma ya jengo la mahakama kutafuta maji ya kunawa uso. Vestina alimkuta hapo.

"Mwanangu, ukiulizwa sema hutaki."

"Mama, sitafanya hivyo. Nisamehe. Nina mtoto."

"Sema tu jiwe limehamishwa. Mimi nitaapa, nitasema ni mimi. Nifungwe mimi kwa jiwe, nimekubali. Lakini lile sanduku lisiguswe."

"Kwa nini? Fidele ni marehemu, hataumia. Tutamfunika vizuri, nitamjengea hata kaburi la vigae."

"Hayumo!"

Vestina alijiziba mdomo kwa kitenge.

"Hayumo nani?"

"Fidele. Mkifungua mtakuta mgomba. Tulikata mgomba, tukauvisha suti yake, tukaufungia kwenye sanduku. Ulikuwa ule wakati wa ugonjwa wa kifua, masanduku yalikuwa yanakuja yamefungwa na hakuna aliyethubutu kuuliza. Shemeji Ndayikeza alilileta kwa gari, akasema amefia safarini."

Yasmini aliangalia kama kuna mtu anayesikia. "Na Fidele mwenyewe?"

"Alikuwa anapeleka maharage kambini Mtendeli. Akampata mwanamke huko. Siku wakimbizi waliporudishwa Burundi, naye akapanda gari pamoja nao. Hakuaga hata mbuzi." Vestina alicheka kicheko kikavu. "Mjane anapewa pole, mwanangu. Mke aliyeachwa anapewa kicheko, halafu anaulizwa shamba analima kwa jina la nani. Shemeji akasema heri tumzike. Akasema aibu ya ndugu yake itafunikwa na yangu itafunikwa. Na mimi nilikubali. Nililia kwenye ule msiba kweli, sikuigiza."

"Basi yuko hai! Mpigie simu aje, hata kwa siku moja. Aonekane."

"Nilimpigia jana, mlipoondoka. Akaniambia, 'Si mmeshanizika? Niacheni nipumzike.' Akakata. Mpaka sasa namba haipatikani."

Yasmini alikuwa anafikiri haraka, na kila alikofikiri palikuwa pabaya. Sanduku likifunguliwa mbele ya daktari na polisi, likatoka mgomba umevaa suti, swali la kwanza litakuwa moja tu: mume wa huyu mama yuko wapi? Nani atasadiki habari ya simu iliyokatwa? Watasema amemuua, amemtupa, akazika mgomba kupoteza ushahidi.

"Watanifunga kwa mtu aliye hai anakula ugali wake," Vestina alisema. Akapiga magoti kwenye kokoto. "Wewe ukifungwa, utatoka mtoto anatembea. Mimi hii ni kesi ya kunyongwa. Nakuomba kwa jina la Mungu wako na wangu."

"Inuka mama, tafadhali, inuka."

"Sema utanihurumia."

Yasmini alimwinua kwa nguvu. Alitaka kusema ndiyo. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna watakaomhukumu kabla ya hakimu: alitaka kweli kusema ndiyo. Lakini kifua chake kilikuwa kimejaa maziwa, saa ya Siti kunyonya ilikuwa imepita, na blauzi ilikuwa inalowana.

Kengele ikalia.

Wakapanda Heru Juu, msafara wa magari na pikipiki na watu. Jiwe likachimbwa. Saruji ile nzuri ilivunjwa kwa nyundo, jiwe likalazwa ubavu, shimo likapanuliwa mpaka mchimbaji akazama kiunoni. Hapakuwa na chuma. Palikuwa na udongo mwekundu na mizizi.

Wakili wa serikali hakutabasamu tena. Aliangalia jiwe, akaangalia kaburi, akafunga kalamu yake.

"Mshitakiwa sogea," hakimu alisema.

Yasmini akasogea. Upande mmoja alisimama Niyibizi, anaitikia kwa kichwa, mwenye furaha. Upande mwingine Vestina, mkono umeshika msalaba wa kaburi, amemkazia macho.

"Umesikia wakili wako anaomba kaburi hili lifunguliwe kwa ajili ya utetezi wako. Familia haijaridhia. Nakuuliza wewe mwenyewe. Ombi lako linabaki, au unaliondoa?"

Upepo ulipita kwenye migomba, majani yakapigana. Yasmini aliangalia migomba ile akakumbuka suti. Alimtafuta Vestina kwa macho, akashindwa kuvumilia macho yake.

"Linabaki, mheshimiwa."

Vestina aliuachia msalaba. Alimsogelea Yasmini taratibu, askari wakadhani anakwenda kumpiga, wakasogea. Hakumpiga. Alimkamata shavu kwa kiganja kimoja, kama mtu anayemuaga mwanawe shuleni.

"Umenizika mimi, mwanangu," alisema.

"Kaburi lifunguliwe sasa hivi," hakimu aliamuru. "Yule mzee aliyeongoza mazishi aje atuonyeshe lilipo sanduku. Ndayikeza yuko wapi?"

Watu wakageuka huku na huku. Fimbo ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Mwenyewe hayupo.

Wakati huohuo askari aliyekuwa amepiga goti kwenye kaburi akamwita daktari kwa mkono. Alikuwa amegonga sakafu kwa kitako cha sururu, na saruji iliyotakiwa kuwa na umri wa miaka ilikuwa inabonyea kama ugali. Ilikuwa mbichi. Mtu alikuwa ameshalifungua kaburi hilo alfajiri ya leo, na alipolifunga, hakulifunga vizuri, kwa sababu kwenye ufa wa pembeni lilionekana pindo la suti, na ndani ya mkono wa suti hiyo, vidole vya mtu.